Mafunzo ya adabu za mezani Masaki: uma tumefundishwa, shikamoo tumekatazwa

Mafunzo haya hutolewa siku za Jumamosi katika nyumba moja ya Masaki, jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya mabinti na wake vijana ambao kazi au ndoa imewaingiza katika nyumba za wakubwa. Mimi ni mmoja wao, kwa kuwa nimekulia kijijini mkoani Njombe na sasa ninaishi kwa wakwe upande huu wa bahari.

Somo la mezani linastahili ada yake, ambayo si ndogo. Mwalimu alituonyesha kwamba uma hukaa kushoto na kisu kulia, kwamba vyombo huanzwa na vile vya nje kuelekea sahani, na kwamba kisu na uma vikilazwa sambamba juu ya sahani, mhudumu huelewa kuwa umemaliza. Kisha tulipewa samaki mzima, miiba yake yote ikiwemo, tukatakiwa tumle bila kumgusa kwa mkono. Nilipomaliza upande wa pili, niliacha kuiogopa meza ya mama mkwe. Somo la vyombo vya umeme lilipita haraka mno, wala halikugusa namna kiyoyozi cha mchana kutwa kinavyomaliza umeme wa kulipia kabla (LUKU).

Udhaifu mkubwa uko katika somo la wafanyakazi wa nyumbani. Tulielekezwa tuwaite kwa majina na tuwape maagizo mafupi, bila mazoea. Mlinzi wetu ni rika la baba yangu, na kwetu kijana akimpita mzee bila kumsalimu huulizwa ni mtoto wa nani, maana lawama huwaendea waliomlea. Nilipouliza kama nimwamkie, nilijibiwa kwamba mwenye nyumba huamkiwa, haamkii, na kwamba huo ndio ustaarabu wa mjini. Jibu hilo silikubali. Mume wangu amezaliwa na kukulia Oysterbay, hapa hapa Dar es Salaam, na kila asubuhi humpa mzee huyo shikamoo kabla ya kuwasha gari. Mzee huitikia marahaba, kisha hufungua geti kama kawaida. (Mimi huniita madamu, jambo ambalo bado sijalizoea.)

Kwa kuwa masomo hulipiwa moja moja, ninashauri msomaji alipie la mezani pekee, na ale kwanza nyumbani, kwa sababu ukiondoa yule samaki, chakula cha mazoezi ni cha kuonja tu.