Chujio la kununua kama maji yako yana floraidi

Kama unaishi Arusha, Meru, Hai, Naivasha au Nakuru, pima kwanza floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, chujio baadaye. Peleka sampuli maabara ya maji ndani ya chupa safi ya plastiki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa na miteremko ya Mlima Meru vinapita hapo mara kadhaa. Mtoto anayekua akinywa maji hayo huota meno ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

1. Mkaa wa mifupa. Kwa familia nyingi za huku, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa chengachenga. Kinachobaki ni madini ya kalsiamu na fosfati, na floraidi ikipita hunaswa kwenye uso wake. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi teknolojia hii kwa miaka mingi, na Nakuru imezalishwa chini ya Dayosisi Katoliki.

Chota kiganjani uutazame. Mkaa ambao haukuiva hutoa maji ya njano yenye harufu. Uliochomwa kupita kiasi huwa mweupe, na nguvu yake ya kunasa imepungua. Muulize muuzaji mifupa ni ya mnyama gani. Ni haki yako kujua.

Kisha piga hesabu. Tuseme maji yana miligramu 5 za floraidi kwa lita, unataka ibaki 1: kila lita inaacha 4 ndani ya chujio. Kwa lita 20 kwa siku ni miligramu 80. Tukikadiria gramu moja ya mkaa inanasa miligramu 2, unatumia gramu 40 kwa siku, kwa hiyo kilo 10 zitadumu miezi minane hivi. Chujio lililojaa halibadilishi rangi wala ladha ya maji, kwa hiyo rudi maabara kabla ya muda huo. Muuzaji asiyejua utabadilishiwa wapi mkaa, mwache.

2. Mashine ya RO (reverse osmosis). Hii hainasi, husukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo mno. Huondoa sehemu kubwa ya floraidi pamoja na chumvi. Lakini inahitaji presha, mara nyingi na umeme, na humwaga maji mengi. Penye shida ya maji, hapana.

3. Alumina amilifu, yaani chembe za oksidi ya alumini. Hunasa vizuri maji yakiwa na asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati) 5.5 hadi 6. Maji yetu mengi yenye floraidi ni ya magadi, pH yake juu ya 7, na hapo uwezo wake hushuka. Dai majibu ya vipimo vya maji kama yako.

4. Katriji ya mkaa wa kawaida na chungu cha kauri. Ndivyo vinavyouzwa zaidi, na vina kazi yake. Gramu moja ya mkaa huo, uitwao mkaa amilifu, ina uso wa zaidi ya mita za mraba 500, hivyo hunasa klorini, harufu na dawa nyingi za wadudu. Kauri huzuia vijidudu vingi. Floraidi hupita vyote viwili. Anayekuambia katriji hiyo "inaondoa kila kitu" anakuuzia maradhi ya mtoto wako.

Angalia na jikoni: magadi ya kulainishia maharage na makande mara nyingi yana floraidi nyingi, na hayapiti kwenye chujio lolote.