Kozi ya osteopathi ya siku tatu, Nyali: mafunzo mazuri, cheti kinadanganya

Huu ni mwaka wa kumi na moja nachua wageni hotelini Bamburi. Kazi nilifunzwa na nyanya yangu, kwa mafuta ya nazi. Nililipa shilingi 18,000 za kozi hii ya osteopathi, yaani tiba ya mifupa, viungo na misuli kwa mikono, Ijumaa hadi Jumapili, nikenda na hamu kweli.

Ijumaa peke yake ilirudisha pesa yangu. Mwalimu alimpa kila mtu unywele mmoja, tukauweka chini ya karatasi, tukafumba macho na kuutafuta kwa ncha za vidole. Ukiupata, unaongeza karatasi ya pili, ya tatu. Kwa karatasi nne bado niliusikia. Ya sita ikanishinda. Jumatatu nikamshika mteja begani, nikakuta fundo ambalo zamani ningelipita tu. Jumamosi ilikuwa ya kiuno na nyonga, mengi nilikuwa nayajua.

Jumapili baada ya chakula ndipo mambo yalipoharibika. Tuliambiwa tushikane wawili wawili, tuzungushane shingo mpaka ilie. Hakuna aliyeuliza nani ana presha, nani aliwahi kuanguka na bodaboda. Shingoni mna mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo. Ni nadra, lakini ikichanika mtu hupata kiharusi. Nilikataa.

Saa kumi jioni tukagaiwa vyeti: "Mtaalamu wa Osteopathi". Kwa saa kumi na nane! Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 liliweka kipimo cha saa 4,200 kwa anayeanza bila masomo ya afya, na kati ya hizo si chini ya 1,000 awe anahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Uingereza, jina hilo linalindwa na sheria ya mwaka 1993. Marekani, ambako Andrew Taylor Still alifungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892, wanaohitimu leo ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kufanya upasuaji. Mgeni wa kutoka huko akiona cheti changu ukutani, atanikabidhi shingo yake akidhani nami nimesoma hivyo.

Wachuaji wenzangu, nendeni, ile siku ya kwanza msiikose. Mkiambiwa mshike shingo, kataeni. Mimi nimewaomba wanichapishie cheti kingine kiseme "mafunzo ya siku tatu ya kuchua". Nangoja jibu, na hiki cha kwanza sijakitundika.