Critters (1986): iangalie bila DJ

Jamani hii muvi ni ya kitambo ila itafuteni. Mi nimeiona kibanda umiza kimoja (kibanda cha kuonyesha video) huku Kirumba, Mwanza, kiingilio jero, mabenchi yamejaa watu wametoka mwaloni, na DJ, yule anayesimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti yake, alivyoiharibu ntawaambia.

Stori nyepesi tu, kuna viumbe wanaitwa Krites wametoroka na chombo cha jela ya huko angani wakatua kwenye shamba la familia moja Kansas, Marekani, na shida yao ni moja, kula. Wafupi, manyoya kibao, macho mekundu, meno kama yote, wakitaka spidi wanajikunja wanabiringika, alafu mgongoni wana miba kama ya nungunungu wanakufyatulia unalegea kabisa. Wanaanza na ng'ombe, hapo kibanda kizima kilinung'unika, si unajua huku kwetu na ng'ombe tena, ila mchumba wa binti wa pale nyumbani alivyoliwa ghalani hakuna hata mmoja aliyempa pole. Ni Billy Zane yule, tajiri mwenye roho mbaya wa Titanic.

Utamu wenyewe ni kwamba hivi vidude vinapiga stori. Vinaongea lugha yao, maandishi yanapita chini. Viwili viko barazani, kimoja kinasema wana silaha hawa, mwenzie anajibu kwani iweje, papo hapo mama mwenye nyumba (Dee Wallace, mama wa kwenye E.T.) anakilipua na bunduki, kilichobaki kinatoa tusi moja fupi. Nimecheka nusu nidondoke, lakini hapo nishairudia home kwa flashi, maana kibandani DJ wetu alikuwa bado anasimulia baba alivyoumia, maandishi yakapita hivyo hivyo. DJ kaka, nyamaza kidogo!

Mwanzo unajivuta, vumilieni. Na kuna wawindaji wawili wa angani waliotumwa kuwasaka hao Krites, mmoja kachukua sura ya mwanamuziki wa roki, mwenzie anabadili sura kila saa mpaka ya mchungaji, wazo tamu ila wanafyatua hovyo mji mzima nikachoka. Vidude ni midoli ya kushikika, kazi ya ndugu wa Chiodo, hakuna kompyuta, ndo maana meno yale yanatisha mpaka leo. Watoto wadogo walale kwanza.

Naipa 7 kwa 10. Ya pili (1988) nayo sio mbaya, ya tatu (1991) angalia tu umuone Leonardo DiCaprio akiwa dogo, ndo muvi yake ya kwanza hiyo, zaidi ya hapo hamna kitu.