Laptopu yangu ilipiga shoti: uzoefu wangu na fundi wa bodi Kariakoo

Nina steshenari Mbagala. Barua za wateja, CV, mitihani ya majaribio ya shule mbili za jirani, vyote vimo kwenye laptopu moja ya mtumba. Jumatatu asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Nikachomeka chaja, taa yake ikazima palepale. Nikiichomoa kwenye laptopu, taa inarudi. Nilirudia mara tatu, ikawa vilevile.

Fundi wa kwanza, hapa jirani, hata hakuifungua. Alichomeka, akatikisa kichwa. "Mazabodi imekufa dada. Laki mbili na themanini nikutafutie nyingine." Mazabodi ndiyo bodi kuu ya ndani, na kwa hela hiyo ningeongeza kidogo tu nipate mashine nzima. Nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama mgonjwa.

Wa pili nilielekezwa na mteja wangu. Yuko Kariakoo, ghorofa ya pili, chumba cha joto chenye feni moja na meza iliyojaa bodi. Kuangalia ni shilingi 10,000, na mkikubaliana kazi, hela hiyo inakatwa kwenye malipo. Nilipomweleza habari ya taa akasema kabla hajashika bisibisi, "Hiyo ni shoti. Chaja inajizima kujilinda."

Aliniacha nikae nitazame, na kwa hilo namshukuru sana. Alichomoa betri, akaitoa bodi yote. Akagusanisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, zikasoma omu 0.2 (omu hupima jinsi njia inavyouzuia umeme), ili ajue waya zake zinachangia kiasi gani. Ndipo akaweka ncha moja kwenye tundu la skrubu, ambako ndiko negativu, nyingine kwenye laini kuu ya volti 19. Omu 0.5. Bodi isiyo na shoti husoma maelfu ya omu hapo. Kisha akagusa koili za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mita ikalia, ishara ya omu ndogo, nami moyo ukanishuka. "Hiyo ya kawaida dada, prosesa yenyewe omu zake ni ndogo. Wengi wanakosea hapo, wanaitangaza bodi imekufa kumbe hiyo nzima."

Akawasha pawasaplai ya mezani, kifaa cha kutoa umeme wa volti unazochagua, akaiweka volti 1 tu, akaunganisha kwenye ile laini. Nilimuuliza mbona asiweke 19 kama chaja. Akasema hatujui umeme utatokea wapi: ukivujia kwenye prosesa ukiwa volti 19, prosesa imekwenda, volti 1 inaivumilia. Namba za ampea zikapanda mpaka 2.6 zikatulia. Akamwaga spiriti ya kusafishia, ili penye shoti panapopata moto pakauke kwanza, bodi ikalowa na kung'aa yote.

Tukainama. Sekunde chache tu, pembeni kidogo ya tundu la chaja, pakatokea doa kavu. Likapanuka taratibu, na katikati yake kuna kikapasita (kifaa cha kutunza chaji) cha kahawia, kidogo kuliko chenga ya mchele. Hakina ufa, hakina weusi. Kwa macho ungekiruka miaka yote. Akakigusa, akarudisha kidole haraka. "Huyu hapa."

Kukitoa kwa hewa ya moto na kibano hakukuchukua hata dakika mbili. Akapima laini tena, sasa maelfu ya omu. Akaweka kingine alichokitoa kwenye laini hiyohiyo ya volti 19 ya bodi ya skrepa, maana vya laini za volti ndogo havihimili. Chaja ikachomekwa, taa ikabaki inawaka. Nilipoona nembo kwenye kioo nilipiga makofi peke yangu mle chumbani.

Jumla nililipa 60,000. Mafaili yote yapo, na huu ni mwezi wa tatu, inafanya kazi kutwa.

Yasiyonipendeza: aliniambia nitaichukua jioni ileile, akakaa nayo siku mbili akisema anaijaribu, na simu hakupiga, nilipoteza kazi za watu. Risiti hatoi, na dhamana ya mwezi mmoja ni ya mdomo, kwa hiyo mwandikisheni hata kwenye karatasi. Pia mfuniko wa chini ulirudi bila skrubu mbili. Nilipanda tena ghorofa Jumamosi kuzidai, akazitafuta kwenye kopo lake mpaka akapata zenye urefu uleule, akazifunga mwenyewe.