Magnolia ya kusini au magnolia-tango: ipi ya kivuli?

Kwa aliyehamia Marekani na kutamani kivuli kama cha mwembe wa nyumbani, magnolia mbili kubwa za asili ya huko zafaa kupimwa.

Magnolia ya kusini, Magnolia grandiflora, ndiyo maarufu. Ua lake ni nembo ya majimbo ya Mississippi na Louisiana: jeupe, linaloweza kufikia upana wa sentimita 30, lenye harufu ya limau. Majani hung'aa mwaka mzima. Taabu iko chini yake. Kivuli ni kizito hata nyasi hufa, na majani makavu, magumu kama ngozi, hudondoka kila msimu na huchelewa kuoza. Ni vyema matawi ya chini yaachwe yaguse ardhi, yafiche majani hayo. Lakini hapo hutandiki mkeka, na kwangu mti wa kivuli ni mti wa kukaa chini yake.

Magnolia-tango, Magnolia acuminata, ina maua ya kijani-manjano yasiyoonekana sana. Jina limetokana na matunda machanga yanayofanana na matango madogo. Hupukutisha majani, hivyo nyumba hupata jua wakati wa baridi. Huvumilia baridi kali hadi kusini mwa Ontario, Kanada, na hupita mita 20. Ipande ingali changa, kwani mizizi yake minene haipendi kuhamishwa, na uepuke udongo mkavu au ulioshindiliwa.

Ukiwa Florida, chukua ya kusini. Ohio au Pennsylvania, ningepanda magnolia-tango bila kusita.