Darasa la Python la jioni, Unguja: zoezi la herufi za nasibu limenilipa, ila secrets wameisahau

Nimemaliza darasa la jioni la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye kituo kimoja karibu na Michenzani. Kwa kuwa kila ninayekutana naye ananiuliza kama pesa yangu imekwenda na maji, jibu ni hapana. Ila liko jambo moja lazima walirekebishe.

Mimi nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, na vocha za Wi-Fi za wageni zinapita mikononi mwangu. Bosi alikuwa na mtindo wake: karibu1, karibu2, karibu3. Vijana wa vichochoroni walishaijua hesabu hiyo kuliko sisi, na jioni wakijaa barazani nje, intaneti ndani ilikuwa inatambaa. Kwa hiyo maalim alipotupa zoezi la kutengeneza mlolongo wa herufi nane za nasibu, wenzangu waliona mchezo, mimi niliona vocha.

Zoezi lenyewe fupi. Moduli ya string (moduli ni fungu la zana zilizo tayari ndani ya Python) inakupa herufi 52, kubwa na ndogo, na tarakimu 10. random.choice, ya moduli ya random, inachota moja, kitanzi, yaani amri ya kurudia, kinarudia mara nane, join inaziunganisha, basi. Lakini maalim yule hana haraka, na hapo ndipo ada inapojilipa. Kijana mmoja aliiweka random.choice nje ya kitanzi, akapata kkkkkkkk. Maalim hakumsahihisha. Alituuliza sote: kompyuta imechagua mara ngapi? Tulibishana khasa kabla ya mmoja kusema "mara moja tu". Siku nyingine akaja na mfuko wa kete za bao, kila moja kaiandika herufi. Ukichota kete, ukaisoma, ukairudisha mfukoni, hiyo ni random.choices. Ukiiweka pembeni, ni random.sample, ndiyo maana sample haikupi kete ileile mara mbili. Sijasahau tena.

Kipindi kilichonivutia zaidi ni cha seed, yaani namba ya kuanzia unayoipa random. Alitwambia sote tuandike random.seed na 7 juu ya programu, kisha tuiendeshe. Darasa zima tukatoa herufi zilezile. Mwenzangu wa kushoto akanigeukia: "We dada, mbona unanakilia?" Kumbe random haibahatishi kitu, inapiga hesabu. Hesabu yenyewe inaitwa Mersenne Twister, kazi ya Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, ya mwaka 1997, na mzunguko wake ni 2 kwa kipeo cha 19937 ukitoa 1 ndipo ujirudie. Kwa michezo na majaribio ni nzuri mno, maana ukitafuta kosa kwenye programu unaweza kuyarudisha matokeo yaleyale.

Akaishia hapo, na hilo ndilo lalamiko langu. Hesabu inayorudika inatabirika pia: mtu akipata namba zake 624 za biti 32 mfululizo, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Maelezo rasmi ya Python yenyewe yanaonya kwamba random isitumike kwa mambo ya usalama. Tangu toleo la 3.6, la Desemba 2016, iko moduli ya secrets, ambayo nasibu yake inaitoa kwenye mfumo endeshi wa kompyuta. Kubadilisha ni kuandika secrets.choice badala ya random.choice, hata dakika tano za kipindi hazifiki. Lakini kijitabu chao, zoezi linalofuata ni la kutengeneza nywila, na bado random! Nilimwambia maalim, akasema hawa ni wanaoanza. Kwa heshima zote, simkubalii. Anayeanza ndiye anayebeba mazoea.

Vocha zangu nazitoa kwa secrets. Herufi kubwa nimeziondoa zote, maana mgeni aliyeshuka boti na mabegi hataki kuhangaika na kibodi ya simu. Nikaondoa na o, 0, l, 1 na i, zinazofanana kwenye karatasi. Zimebaki 31, na vocha ya herufi nane bado ina michanganyiko zaidi ya bilioni 852. Vijana wa baraza nawatakia kila la kheri. Kila vocha inayotoka naihifadhi kwenye seti, mpya inalinganishwa nazo kwanza, kwani nasibu haijaahidi kutojirudia.

Nyota nne kati ya tano.

Mengineyo: ada hulipwa kwa mafungu mawili. Vipindi huanza baada ya Magharibi na husimama kwa Isha. Jenereta hawana, njoo na laptopu iliyojaa chaji. Na ukitokea Bububu au mbele zaidi, panga mapema usafiri wa kurudi, daladala usiku huwa chache.