What Remains of Edith Finch: gemu fupi, chumba kimoja kisichonitoka

Anayetafuta kupiga risasi au kukusanya pointi, humu hatapata kitu. Hakuna adui wala kushindwa. Gemu hili la studio ya Giant Sparrow, lililotoka mwaka 2017, linakuingiza kwenye nyumba ya ukoo wa Finch, kisiwani katika jimbo la Washington, Marekani, ujue kila mmoja wao alikufaje. Edith ndiye msimulizi. Vyumba vya marehemu vimefungwa, kwa hiyo unapenya kwa vijia vya siri, unakuta shajara au barua, ukianza kuisoma unakuwa mwenye chumba.

Kila kifo kina namna yake ya kuchezwa. Molly, binti aliyepelekwa kulala bila kula, anageuka paka, kisha bundi, kisha papa. Sehemu ya Calvin ni kubembea tu, na inatosha.

Lakini Lewis! Kijana huyu anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kijiti cha kulia cha pedi, yaani kidhibiti cha gemu unachoshika kwa mikono miwili, ni mkono wake: shika samaki, peleka kwenye kisu, kata kichwa, tupa. Anakuja mwingine. Huku kijiti cha kushoto kinamtembeza mtu mdogo ndani ya njozi zake, mwanzoni pembeni mwa skrini. Njozi inapanuka taratibu, inapata rangi, miji na muziki, mpaka kiwanda kinafunikwa kabisa. Nikaja kushtuka kwamba mkono wangu wa kulia bado unakata, na kwa muda nilikuwa nimeusahau. Mtu anaweza kukueleza siku nzima jinsi kazi ya kujirudia inavyomhamisha mtu akili; hapa vidole vyako vyenyewe vinakuambia. Mwisho wake sisemi.

Sikupenda mwendo wa Edith. Anatembea polepole na hakuna kitufe cha kukimbia, hata ukiwa unarudi ulikokwisha kupita. Ukipenda mafumbo ya kuumiza kichwa pia utachoka, maana njia ni moja tu.

Linaisha kwa saa mbili hivi, basi lichezeni kwa mkao mmoja, na kwa pedi. Kipanya na kibodi vinafaa, ila sehemu ya Lewis inapungua ladha. Wazazi mjue kuna sehemu ya mtoto mchanga akiwa kwenye beseni la kuogea. Haina damu, lakini aliyefiwa na mtoto aiogope.